Kamongo Aliyening'ata Kidole

Mume wangu Rajabu,

Marahaba, mjukuu wangu. Shangazi yako anaandika, mimi nasema tu. Huku Kigwa hatujambo, mihogo imekubali.

Umeuliza kama nakuonea aibu kwa kubaki nyumbani na mtoto mkeo akienda kazini. Aibu naijua mimi.

Nilipoolewa, mama mkwe na mawifi walinichukua bwawani kuvua kwa matenga. Njia nzima nilijigamba kwamba samaki nawajua. Nikatia mkono kwenye shimo la matope lenye vitoto vya samaki, kamongo akaning'ata kidole. Nikapiga kelele, "Jamani, huyu mama mkali!"

"Mama gani?" mama mkwe akasema. "Mama alitaga akaenda zake. Huyo ni baba, analea."

Mawifi walicheka mpaka wakakaa majini. "Mjuzi wetu huyo!" Nilitamani matope yanimeze. Mpaka leo nikiona tenga, uso unaniwaka.

Kamongo tulimwacha na watoto wake. Wala hakuna aliyemcheka yeye, Rajabu. Nilichekwa mimi nisiyejua.

Msalimie mkeo. Mtoto umfunike mgongo, jioni kuna baridi.

Bibi yako,
Mwajuma