Besi Iliyonyamaza Kabla ya Matawi

Jumanne, 8 Aprili

Mazoezi ya kwaya, kama kila Jumanne. Nimetoka ofisini, mtaa wa Kigobe, saa tisa na nusu, nimefika kanisani Buterere viatu vimejaa tope. Kasha la spika limerudi leo. Wiki mbili lilikuwa nyumbani kwetu, ukumbi wa kanisa ulijaa maji ya mvua. Nimechomeka gitaa langu la besi. Besi haipo. Taa ya amplifaya inawaka, sauti nyembamba inasikika kwa mbali, ile nzito hakuna kabisa. Nimebadilisha waya. Vilevile.

Mama Consolate, kiongozi wetu, hazunguki: "Mama Keza, besi yako iko wapi? Tunasikia clavier tu." Jumapili ya Matawi anakuja askofu. Besi isiposikika hadi Jumamosi, kinanda, hiyo clavier, kitaipiga kwa mkono wa kushoto, na mimi nirudi kuimba alto. Nikirudi huko ndiyo basi, hakuna atakayekumbuka kuniita tena. Miaka kumi na moja ya besi, niishie safu ya nyuma na daftari la nyimbo. Sitaki.

Jumatano, 9 Aprili

Kasha limerudi nyumbani kwa pikapu ya jirani. Nimemwita Gaspard aliangalie. Mume wangu ni fundi redio kule mtaa wa Asiatique, na kasha hili alilitengeneza yeye mwenyewe mwaka aliozaliwa binti yetu Keza. Spika mbili ndani, mbao alizikata uani. Hakuna anayelijua kama yeye.

Umeme hakuna, mvua imeleta giza mchana. Akanishikia tochi nikakagua tundu la waya huko nyuma. Nikataka kufungua skrubu. "Apana, usifungue, Mama Keza. Kasha haina shida. Ni amplifaya imechoka." Amesema kwa upole. Akaongeza kwamba labda Mungu anataka nipumzike kidogo. Nimecheka. Nimemshukuru pia.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimeazima amplifaya ya kwaya nyingine. Besi hakuna. Kwa hiyo si amplifaya. Fundi wangu amekosea, hutokea. Sikumwambia, asijisikie vibaya.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimeomba ruhusa kazini. Gaspard yuko dukani kwake. Nimefungua skrubu zote kumi na mbili.

Spika zote nzima. Karatasi hazijachanika, hakuna harufu ya kuungua. Nikachomoa waya za spika ya chini nijaribu ya juu peke yake. Besi ikarudi! Vikombe vilitetemeka kabatini. Nikarudisha waya, besi ikapotea. Spika moja inapiga kuliko mbili. Nilikaa sakafuni.

Nikachukua betri ndogo, kama Gaspard alivyonifundisha mwenyewe. Ukigusisha betri kwenye waya za kasha, karatasi za spika zote mbili ziruke upande mmoja. Ya juu iliruka nje. Ya chini iliingia ndani. Nikagusa tena. Na tena. Waya za ile ya chini zimepinduliwa, chanya mahali pa hasi. Moja inasukuma, nyingine inavuta, sauti nzito inafia katikati. Hakuna kilichoharibika. Kazi safi sana.

Risasi ya kulehemu ni mpya, inang'aa. Juu yake sparadra, ile ya kufungia vidonda, imezungushwa mara mbili. Mafundi wote ninaowajua wanafunga waya kwa utepe mweusi. Mmoja tu anatumia sparadra, eti utepe unaachia kwa joto. Nalala naye kitanda kimoja.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee. Hawakusema kwamba kitakushikia na tochi.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimelehemu mwenyewe asubuhi. Nimeungua kidole. Betri: zote mbili nje. Mama Consolate amesikiliza mazoezini, akasema tu, "Aya, imerudi." Nafasi yangu ninayo.

Mchana nilimwekea Gaspard ile sparadra mezani, kando ya sahani ya maharage. Hakukana. 

"Sikuharibu kitu. Nilipindua tu. Jumanne uko kanisani, Alhamisi uko kanisani, Jumamosi tena. Mi nakuonaka dimanche tu, siku ya ibada, na ile dimanche nakuona pamoja na watu wote."

Pengine ni kweli. Ananipenda, pengine hilo nalo ni kweli. Lakini nina hasira. Angenikataza, ningemjibu, tungegombana siku mbili, yangeisha. Yeye alitaka kasha ndilo liniambie niache. Alitaka nijione nimeshindwa mwenyewe, nirudi nyumbani, halafu anifariji. Angenifariji vizuri, namjua.

Waya nimeshazisamehe. Ile tochi siwezi.

Jumapili, 13 Aprili

Besi ilisikika hadi barabarani. Askofu alitikisa kichwa kufuata mapigo. Gaspard alikaa safu ya tatu na Keza, wote na matawi mkononi. Alipiga makofi kuliko watu wote. Sikumtazama.

Jumatano, 16 Aprili

Kasha sasa linakaa kanisani, nimelipandisha juu ya meza maji yasilifikie. Gaspard ameomba msamaha mara mbili. Jana alileta ndagala, dagaa wa ziwani, akazikaanga mwenyewe. Nimesema nimesamehe. Nadhani ninajaribu.

Leo asubuhi nilitaka kupiga pasi blauzi ya kazini. Pasi baridi. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, hata redio ya jirani ilikuwa imezima. Lakini hayo niliyajua baadaye. Kwanza niligeuka nikamtazama Gaspard.

Naye akaona nimemtazama. Akaweka kikombe chake mezani, chai imebaki nusu, akaenda kazini.