Kompyuta Tatu Zilizouzwa Kapsoit

KITUO CHA POLISI, ENEO LA AINAMOI, KAUNTI YA KERICHO
Maelezo ya shahidi, yaliyochukuliwa Jumapili tarehe 16 Machi 2025, kuanzia saa tatu na dakika kumi asubuhi

Jina: Nicholas Kimutai Bett
Umri: miaka 41
Kazi: fundi wa kompyuta
Makao: Kapsoit, karibu na banda la kupimia majani chai

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja mwenyewe, hakuna aliyeniita. Nimeelezwa kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa, na nimeelewa.

Nawafahamu Joab Kipng'eno Rono, ambaye yuko seli hapa, na Omariba Nyamwange, aliyemshtaki. Wana studio moja Kapsoit, mlango wa tatu kutoka duka langu. Wanapiga video za harusi na mazishi, na wanachora kwa kompyuta picha za nyumba ambazo bado hazijajengwa. Wamefanya kazi pamoja miaka tisa. Joab ni wa hapa hapa. Wazazi wa Nyamwange walitoka Nyamache kuja kuchuma majani chai kwa estate. Kila mmoja ana ufunguo wake, na sijawahi kusikia wamegombana.

Mnamo Jumatatu tarehe 3 Machi, saa nne asubuhi hivi, Joab alikuja kwangu na kompyuta iliyokuwa inapiga kelele. Nilifungua nikakuta ni feni ya kadi ya picha, ile sehemu inayobeba kazi ya video na michoro. Nikiisafisha nilimwambia habari niliyokuwa nimesoma kwa simu. Ilisema inasemekana kampuni moja kubwa ya ng'ambo inayotengeneza chipu inataka kununua mpinzani wake, ambaye ndiye anatengeneza kadi kama za studio yao. Habari yenyewe iliandika wazi kwamba huo ni uvumi, na kwamba kampuni zote mbili hazijasema kitu. Mimi sikumwambia hivyo. Nilimwambia, "Hii kampuni imenunuliwa. Mwenye kununua ana kadi zake, hizi zenu ataziua. Kufika Agosti hakuna mtu atazitaka."

Joab aliniuliza kama nina uhakika. Nilimjibu kwamba nimekuwa kwa hii kazi miaka kumi na minne.

Afisa ameniuliza kwa nini nilisema hivyo. Hakuna faida niliyokuwa napata. Watu wa Kapsoit huja kwangu wakiwa na swali lolote la kompyuta, na nimezoea kuwa na jibu.

Jumatano tarehe 5 alirudi. Alisema Nyamwange yuko Nyamache tangu tarehe mosi, anakaa na mama yake mgonjwa, na angependa kumngoja. Nilimwambia habari ikienea kila mwenye kadi kama hizo atatafuta mnunuzi, na yeye atakuwa amechelewa. Nilikuwa namjua mwalimu wa chuo kimoja cha Nakuru aliyekuwa akitafuta mashine. Nilimpigia mwalimu huyo simu, Joab akiwa amesimama hapo.

Ijumaa tarehe 7, saa nane mchana, mwalimu huyo alikuja na pikapu. Joab alitoa kompyuta zote tatu. Pesa zilitumwa kwa akaunti ya studio, ambayo haitoi kitu bila sahihi za wote wawili. Niliona kwa macho yangu. Joab alikuwa amehamisha kazi za wateja kwa diski ya nje, nikamsaidia kukagua orodha. Halafu nilifuta diski za ndani, mimi mwenyewe, kwa njia ambayo vitu haviwezi kurudishwa, kwa sababu mnunuzi alitaka ziwe safi. Kwa kompyuta ya Nyamwange kulikuwa na folda moja yenye jina la Kikisii, lugha ya kwao. Haikuwa kwa orodha. Nilimuuliza Joab, akasema labda ni nyimbo za kanisa. Nilifuta.

Jumapili tarehe 9 mama ya Nyamwange alifariki. Kesho yake Joab alienda Ndanai kwa dada yake, kwa sababu alisikia huko kuna mtu anauza kompyuta za aina ingine. Janefer, bibi yake Joab, ameniambia kwamba Nyamwange alimpigia Joab simu mara nyingi, naye hakuchukua. Aliona aibu kumwambia mtu aliyefiwa kwamba studio yao iko tupu.

Jumatano tarehe 12, saa tano asubuhi, nilimwona Nyamwange akifungua studio. Alisimama mlangoni muda mrefu bila kuingia. Halafu alikuja kwangu akaniuliza kama nimemwona Joab. Nilisema hapana, na siku hiyo kweli sikuwa nimemwona. Akaniuliza kama niliona mtu akitoa mashine. Nilisema sijaona. Hapo nilidanganya. Alitoka kwangu akaja hapa kituoni kuandikisha kwamba ameibiwa, na kwamba mwenye ufunguo mwingine ni Joab.

Alhamisi jioni ile kampuni kubwa ilitoa taarifa kwamba hakuna mazungumzo ya kununua kampuni yoyote. Nilisoma mara tatu. Ijumaa tarehe 14, saa kumi na moja jioni, Joab alikamatwa Ndanai. Nilisikia kabla sijafunga duka. Nilifunga nikaenda nyumbani.

Jana saa mbili asubuhi Janefer alikuja dukani. Nilidhani amekuja kunilaumu. Aliniita kwa jina la binti yangu, akasema, "Baba Joan, wewe umesoma. Nisaidie na barua ya kumwombea aachiliwe. Nimemuuliza ni nani alimshauri, anasema aliamua mwenyewe."

Ndipo nilijua kwamba Joab hajanitaja, hapa wala kwake nyumbani. Niliandika hiyo barua Janefer akiwa amekaa kwa kiti cha wateja, na mimi pia sikujitaja. Aliikunja, akanishukuru, akaniombea baraka. Leo sikuweza kwenda kanisani. Nimekuja hapa.

Nilipofika nilimkuta Nyamwange kwa benchi, ameitwa kuongeza maelezo yake. Walimzika mama yake juzi. Nilimweleza yote haya kabla sijaingia kwa afisa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kuhusu mashine hakuuliza kitu. Aliniambia ile folda ilikuwa ni mama yake. Alimrekodi Disemba, saa mbili nzima, akisimulia vile aliletwa hapa akiwa msichana kuchuma majani chai, na vile waliimba wakirudi kupima. Ile Jumatano alikuja kuichukua ili watu waisikie kwa mazishi.

Aliniuliza, "Kabla ufute, mlimsikia hata kidogo?"

Nilimjibu kwamba hatukufungua.

"Basi ni mimi tu nilimsikia," akasema.

Joab hakuiba. Aliuza mali ambayo nusu si yake, na hilo ni kosa, lakini alifanya hivyo kwa sababu nilimpa uvumi kama kitu cha kweli, na alipotaka kungoja nikamharakisha.

Hayo ndiyo ninayoyajua na niliyoyafanya. Nimesomewa yote, nimeyakubali, na sina la kupunguza.

Sahihi: N. K. Bett

Maoni ya afisa: Maelezo haya nimeyachukua mimi, Koplo Edinah Chepkemboi. Mahali pa tarehe 12 nilikuwa nimeandika "nilikosea". Shahidi aliomba nikate niandike "nilidanganya", na ametia sahihi pembeni. Mlalamishi amesomewa maelezo haya na ameomba kuondoa malalamiko yake. Mshukiwa ameachiliwa saa saba na nusu mchana. Mlalamishi alimngoja langoni, wakaondoka pamoja. Shahidi alikuwa bado kwa benchi. Nilimwambia mara mbili kwamba yuko huru kwenda.