Nilimwambia Mke Wangu Betri Zimekwisha

Dada Kandida mpendwa, pokea salamu za msomaji wako wa Nangara, Babati, anayekuomba umsaidie kabla hajaharibu nyumba mbili kwa mpigo, yake na ya shemeji yake.

Mimi ni mwalimu wa hesabu shule ya msingi, na ugonjwa wangu tangu ujana ni kufungua vitu vya umeme nione kinachosema ndani, na mwaka jana mtaalamu mmoja wa pampu za maji alipoondoka aliniachia kijitabu cha kujitengenezea mitambo midogo ya transista, nami nikakisoma mpaka kurasa zikaachana, nikajiambia mimi ndiye nitakayewakomesha viboko wa ziwani wanaomaliza mahindi yetu. Mpango wenyewe ni rahisi, unazungushia shamba waya mwembamba unaopitisha umeme kidogo, kiboko akiukata spika inalia na watu wanatoka wakipiga madebe. Waya niliuchomoa kwenye transfoma iliyoungua, risasi ya kuungia nyaya niliiyeyusha kwa msumari mkubwa niliopasha kwenye makaa, lakini spika na transista sikuvipata, si Babati si Arusha, na hali unaijua, hata sabuni ni ya foleni.

Basi nikaifungua redio ya mke wangu. Nasema ya mke wangu kwa sababu alipewa na baba yake siku tulipofunga ndoa, na betri zake nne mpya alizipata kwa kubadilishana na debe la maharage. Nilitoa spika, nikatoa transista mbili, nikachukua na betri, ndani nikaweka kipande cha tofali ili wepesi wake usimshtue, nikakaza skrubu vizuri, na aliporudi kutoka sokoni nikamwambia, "Mama Damiani, betri zimekwisha." Nilidhani ni kwa wiki moja tu, nione kama mtambo unafanya kazi.

Hakunishuku, na nani angenishuku mwaka huu? Nilimpa betri chakavu nilizookota shuleni, akawa anazianika juani juu ya bati kila asubuhi kama tunavyofanya wote, jioni anazitia, anazungusha kitufe, anaweka sikio, halafu anasema, "Labda kesho, jua likiwa kali." Dada, nilimtazama akifanya hivyo siku kumi na moja.

Mtambo ulifanya kazi. Siku ya nane ulilia, kiboko akarudi ziwani, majirani wakanishika mkono wakaniita fundi, nikawaambia vifaa na betri aliniachia yule mtaalamu wa pampu, na mke wangu akasimama pale akicheka kwa fahari. Siku ya kumi na moja likaja lori kutoka Mbulu, na utingo wake akampa mke wangu pole ya msiba. Baba yake alikuwa amezikwa siku saba zilizopita.

Shemeji yangu Anselmi anaapa kwamba alituma tangazo la kifo Radio Tanzania, likasomwa jioni mbili mfululizo, habari ziwafikie fulani na fulani, jina la dada yake likiwa la kwanza. Mimi namwamini. Mke wangu hamwamini, anasema kaka yake alinyamaza makusudi kwa sababu walishagombana juu ya ng'ombe, na mtaani kwetu hakuna aliyesikia, maana wenzetu betri hawana kweli. Ameapa hatakanyaga kwa Anselmi, hata kwenye misa ya kumwombea marehemu mwezi ujao. Akaniambia, "Baba Damiani, ndugu niliyebaki naye ni wewe." Nikaitikia.

Spika na transista nimevirudisha, na betri zile zile pia, nikamwambia nimezipata kwa mwalimu mwenzangu. Redio inasema na hakuna ajuaye ila mimi na wewe. Najuta sana. Je, nikinyamaza na kumtunza vizuri maisha yangu yote, haitatosha?

Fundi wa Majuto, Nangara

JIBU

Fundi, pole kwa msiba. Nimeanza na pole kwa sababu marehemu alikuwa baba yako pia, na katika barua yako yote sikuona mahali ulipomlilia.

Kwa ajili ya viboko sitakugombeza. Mwenye mahindi ana haki ya kuyalinda, na anayejitengenezea kitu cha maana wakati maduka ni matupu nampa heko. Lakini lile tofali, Mwalimu. Aliyeazima kitu haweki tofali mahali pake. Hiyo ni kazi ya mtu anayejua anachokifanya.

Unauliza kama kunyamaza kutatosha. Kutamtosha nani? Mkeo amepoteza baba, sasa unamsaidia kupoteza na kaka, naye anakushukuru. Anselmi alifanya yote ambayo ndugu anaweza kufanya, na leo anaitwa mwongo kwa kosa lako, nawe unaitikia. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeshafika mwisho.

Siku ya kwanza utakayokuwa naye peke yake, mwambie kwa mdomo wako, uanzie kwenye skrubu ya kwanza umalizie kwenye betri za huyo mwalimu mwenzako. Usitaje shetani. Usitaje hali ngumu ya nchi pia, maana hali ngumu ni yetu sote na hatukuweka tofali. Msamaha usiuombe siku hiyo, utakuwa unampa kazi mtu mwenye msiba. Akitaka kwenda Mbulu peke yake, mtafutie usafiri. Akikubali uende naye, mfike kabla ya misa, ukaseme mbele ya Anselmi na mbele ya wote waliosikia akiitwa mwongo.

Na usichelewe. Jibu hili nimekutumia kwa posta majuma matatu kabla ya kulichapa, na majina nimeyabadilisha, ila viboko sikuweza kuwabadilisha, na huko Nangara mwenye waya wa kuwafukuza ni mmoja. Gazeti hufika Babati limechelewa, lakini hufika.

Ukishamwambia, atamlilia baba yake upya, kama aliyepata habari leo. Atalia sana. Utatamani kuinuka, mikono yako itatafuta bisibisi. Kaa hapo hapo alipo, usitengeneze kitu.