Sahani Nyeupe za Kibanda cha Italia

Jumatatu, 4 Agosti

Mkono wangu una bahati. Naandika bila aibu, daftari ni langu. Leo tena sahani zangu zimerudi nyeupe. Nyeupe kama zimelambwa. Za India zimerudi na wali. Za China zimerudi na tambi zimejikunja kama minyoo. Za Italia, yaani zangu mimi Ryoba wa Itiryo, hakuna hata tone. Kwa bahati hii, ningechimba dhahabu, ningekuwa nimeshahama nchi.

Bosi alikuja karoni mchana kama kawaida yake, mikono nyuma, akaangalia sahani. Huyu mtu haamini maneno. Alipata dhahabu, akaenda Dubai, akaona uwanja wa michezo wenye mikahawa ya nchi zote. Akarudi akajenga wa kwake hapa kando ya barabara ya Nyamongo. Bembea. Treni ya watoto. Mnara wa mabati. Vibanda vyenye bendera. Bustani ya Mataifa. Kibanda kinachorudisha chakula kinafungwa. Mexico imefungwa. Mpishi wake sasa anasukuma toroli kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, tunamwona akipita mweupe kwa vumbi la mawe.

Akanigonga bega, akaniita kijana kwa Kikurya. "Mura, wewe wamekuzaa jikoni."

Mama alikuwa anaosha. Hakuinua kichwa. Nilimleta hapa baada ya duara, shimo la dhahabu, kumfukia Mwita, mdogo wangu. Nyumba ya Itiryo ilikuwa imebaki kubwa kwake. Anaosha vyombo vya kibanda changu, analala kitandani kwangu, mimi chini. Sijawahi kulala vizuri hivi.

Jioni hakula. Anasema ameshiba. Uzee.

Alhamisi, 7 Agosti

Moto. Vumbi. Makarasha yananguruma tangu asubuhi, hata unga unatikisika kwenye beseni.

Wageni wakiuliza nilisomea wapi najibu Roma. Ndiyo amri ya Bosi, kila mpishi aseme alisomea nchi ya bendera yake. Mimi sioni uongo hapo. Nairobi nilimwoshea masufuria Mwitaliano mmoja, mwenye tumbo na matusi, nikaona kila kitu kupitia dirisha la vyombo. Wengine wamefika Roma wakaona kanisa tu. Mimi niliona mchuzi.

Piza yangu ni chapati nene, nyanya za kopo juu. Jibini natengeneza mwenyewe. Mtindi ndani ya kitambaa, kitambaa kwenye msumari, asubuhi maji yameshuka, kazi imekwisha. Lazanya ni chapati tatu na nyama ya kusaga katikati. Mwitaliano akija hapa atalia kwa furaha.

Bi Zuhura wa kibanda cha China alichungulia akacheka mpaka akashika mlango. Yeye ni mtu wa Mugumu, babu yake wa Tanga, China ameiona kwenye kopo la soya sosi.

"We Mwitaliano wa Itiryo, hicho kitambaa si ulikuwa unajifutia jasho jana?"

"Na wewe Mchina, hizo tambi si za futari?"

Mama naye akacheka. Muda mrefu sijamsikia. Nikafurahi kama mjinga.

Jambo moja linanisumbua. Tambi zangu za kuku zinarudi. Zenye nyama ya ng'ombe zinaisha, piza inaisha, za kuku zinarudi nusu sahani. Leo tena. Nimeongeza pilipili hoho. Labda ni kuku wa huku, wagumu.

Mama hakula jioni. Nikamwambia atapungua. Hapungui. Mashavu yamejaa.

Jumapili, 10 Agosti

Bosi ametuita wote. Watalii wanaoingia kwa mpaka wa Sirari wakielekea Serengeti watakuwa wanasimama hapa kula. Lakini kiongozi wao kasema piza wameziacha kwao. Wanataka chakula cha wenyeji. Kwa hiyo Mexico inapakwa udongo mwekundu, inaezekwa nyasi, inakuwa Ukurya wa Kale.

Nilicheka. Hapa tulipo ni Ukurya. Ukitema mate yanaangukia Ukurya. Nikamuuliza Bosi kama na sisi tutahitaji pasi ya kusafiria kuingia. Watu wakaanguka kwa kicheko. Bosi hakucheka. Na yeye Mkurya, wa mji wa tatu kutoka kwetu, mama yake na mama yangu walikuwa wanateka maji kisima kimoja.

Akasema anataka bibi. Bibi wa kweli, mwenye masikio yaliyotobolewa kizamani. Akamtazama mama yangu karoni.

Nikasema sawa. Mbele ya watu nikasema ni heshima. Nilifikiri ataacha kuinama kwenye maji. Nilifikiri atapika ugali wa mtama na muhogo, mboga ya mgagani kwa maziwa, kichuri, ule mchuzi wa utumbo, chenye uchungu wake, na watu watajua mkono wangu umetoka wapi.

Mama alisema, "Kama unataka wewe, mura." Basi.

Jumanne, 12 Agosti

Kibanda kimefunguliwa. Mama hapiki. Anapika kijana mmoja kutoka Arusha mwenye kofia ndefu. Mama anakaa kwenye kigoda mlangoni. Wamemvua kitambaa chake cha kanisani, wamemvika ngozi na shanga za dukani. Maisha yangu yote sijamwona kavaa ngozi. Bibi yake labda.

Ugali ni sembe iliyotiwa kakao ifanane na mtama. Wanaufinyanga kwa kikombe cha chai. Kichuri wameondoa uchungu, wametia ndimu. Nilionja. Maji ya kuoshea mikono.

Mama aliniangalia nikionja. Nikamkonyeza. Akageuza uso.

Karoni yuko msichana mpya. Na leo, sijui kumeingia nini, sahani zangu zimerudi zimejaa. Lazanya imetobolewa pembeni tu. Piza imeng'atwa mara moja. Bosi alisimama akaangalia muda mrefu.

Siku mbaya. Kila fundi anazo.

Jioni mama alikula. Aliomba na ugali wa pili.

Ijumaa, 15 Agosti

Siku mbaya ya tatu, au ya nne. Nimebadilisha mkaa. Nimebadilisha nyanya. Jibini nimetengeneza mara mbili. Zinarudi. Nilimkamata msichana wa karoni nikamuuliza anaziwekea nini sahani zangu. Akalia. Nikamwomba radhi, nikampa piza. Akaimega kidogo, akaifunga kwenye karatasi, akasema ataila nyumbani.

Bosi kaniita pembeni. Kasema Jumamosi kesho gari tatu za watalii. Sahani zikirudi hivi, Italia inafungwa. Nilijaribu utani. Nikasema hata Roma iliwahi kuanguka. Akasema toroli za karasha hazijawahi kukosa mtu.

Halafu akaniambia la pili. Kesho kuna chakula kipya Ukurya wa Kale. Kinaitwa Kuku wa Bibi. Bibi ataonja mwenyewe mbele ya wageni, wapige picha, ndipo wao wale.

Nikasema, "Bosi, mama hali kuku."

"Anaumwa?"

"Bosi. Unajua."

Anajua. Wanawake wa rika la mama hawali kuku wala mayai. Kuku alikuwa wa baba na wageni wake. Mama alichinjiwa, akanyonyoa, akapika, akapeleka, akarudi jikoni akala mboga. Sijawahi kumuuliza kwa nini. Ni kama kuuliza kwa nini mtu havai viatu kichwani. Mama wa Bosi amezikwa bila kuonja kuku.

Bosi alinijibu hivi, nayaandika kama alivyosema. "Mgeni hajui. Na anayejua hanilipi. Mwambie wewe, wewe ni mwanawe."

Nilitakiwa kusema hapana. Neno fupi. Nilimwona yule wa Mexico akipita na toroli, kope zimeganda vumbi. Nikasema nitajaribu.

Jumamosi, 16 Agosti

Nilimwambia asubuhi akijifunga shanga. Nilifanya mzaha. Nikasema, mama, Wazungu hawa wanakula konokono, paja moja la kuku litatuua? Nikasema kidogo tu, mdomoni, wakipiga picha utatema. Nikasema Italia itafungwa.

Aliuliza jambo moja. "Ukifungiwa utaenda karasha?"

Nikasema ndiyo.

Akafunga shanga ya mwisho.

Wageni walikuja. Kofia, miwani, kamera. Kiongozi wao, kijana mzuri tu, akawaeleza kwamba bibi wa Kikurya ndiye huonja kuku wa kwanza, ni mila ya tangu mababu. Alisema kwa sauti ya kanisani. Nilikuwa nimesimama nyuma na aproni yangu ya bendera. Bosi kando yangu.

Mama alishika paja kwa vidole viwili kama anashika kitu kilichokufa njiani. Akatafuta mtu kwa macho. Alikuwa ananitafuta mimi. Nikatazama viatu vyangu. Ni viatu vizuri, vya Nairobi.

Akang'ata. Hakutema. Akatafuna mpaka mwisho. Akameza. Watu wakapiga makofi. Mmoja akaomba arudie, kamera yake haikushika vizuri. Akarudia.

Bi Zuhura aliingia katikati ya wageni bila kuitwa, akamshika mama mkono. "Shikamoo mama. Twende ukanawe." Akamtoa. Hakunitazama.

Sahani za Italia sikuziona zimerudije. Sikwenda karoni.

Jumapili, 17 Agosti

Mama ameondoka. Shanga na ngozi amezikunja juu ya kitanda. Godoro langu chini amelitandika. Amechukua bodaboda stendi, wananiambia, akapitia Bomani, akaenda Itiryo. Kajifunga kitambaa chake.

Najisikia mbwa. Sina utani leo.

Jumatano, 20 Agosti

Bosi keshapata bibi mwingine. Msukuma, mcheshi, anakula kuku na mifupa yake. Kiongozi wa watalii hajui tofauti. Makofi ni yale yale.

Italia haijafungwa. Bosi ana aibu kidogo, nadhani, kanipa wiki moja zaidi. Sahani zinarudi zimejaa.

Leo nilimfuata Bi Zuhura. Tangu Jumamosi alikuwa haniitikii. Nikamwambia nitukane basi, nimezoea matusi ya Waitaliano. Alikuwa anakata karoti. Akasema bila kuinua macho:

"Mama yako alikuwa anakula mabaki yako, kaka. Kila siku, nyuma ya karo, kabla Bosi hajafika. Amesimama. Anakula mpaka anashika ukuta. Nilimwambia mama acha, utaumwa, niachie mimi nimwage. Akasema chakula cha mwanangu hakimwagwi."

Nikasimama pale. Nikasema kwa nini hukuniambia. Akasema, "Alinikataza. Na wewe ulikuwa na raha mno."

Halafu akakata karoti nyingine.

Nimekaa na kuhesabu mambo yaliyokuwa mbele ya macho yangu. Ameshiba. Mashavu. Na zile tambi za kuku, ndizo peke yake zilizokuwa zinarudi. Kila siku zinarudi. Mimi naongeza pilipili hoho. Alinilia kila kitu, hata lile jibini la kitambaa, akaacha kuku tu. Na mimi nikaenda nikampa kuku.

Jumamosi, 23 Agosti

Itiryo. Nimemwomba Bosi ruhusa, nikapanda bodaboda mpaka pale barabara inapokatika, nikatembea. Kumekauka. Ng'ombe wachache. Njiani vijana wanashuka kwenda Nyamongo na sururu zao, wakanisalimia kwa furaha kama watu wanaokwenda harusini.

Sikubeba piza. Nilibeba chumvi, sabuni, kilo ya nyama ya ng'ombe.

Mama alikuwa anapepeta mtama. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba, akanisogezea kigoda. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Mimi wa maneno. Nikakaa.

Akapika. Mtama na muhogo, mgagani kwa maziwa, uchungu wake ule ule. Nikala. Yeye hakula, alikaa mlangoni akiangalia kaburi la Mwita na mbuzi wa jirani wanaolikanyaga. Nikatoka nikawafukuza. Nikarudi nikamaliza chakula.

Nikamwambia turudi wote. Akasema hapana, bila hasira. Nikasema nitaacha kazi. Akasema, "Usiache. Ongeza chumvi tu, mura. Na yale maziwa ya kwenye msumari, yanachacha."

Ndiyo yote aliyosema kuhusu Nyamongo. Kuku hakumtaja. Mimi pia sikuweza. Lakini aliponipa maji alinywa kwanza kwa kata yake mwenyewe, akaitenga pembeni, akanipa mimi kikombe kingine. Zamani tulikuwa tunanywa kata moja.

Nikachukua sahani yangu nikaenda kuiosha nje. Ilikuwa nyeupe tayari. Nikaiosha hata hivyo.

Nalala huku leo. Kesho narudi kazini.

Ukurasa wa kwanza wa mwezi huu niliandika mkono wangu una bahati. Uongo. Hakuna mgeni aliyewahi kumaliza chakula changu.