Maneno ya Kizungu ya Kumtafuta Leonsi

Kizwite, Sumbawanga

Dada yangu Skola,

Shikamoo. Kabla ya yote ujue kwamba ofisi ya maji ya hapa Sumbawanga haifunguki mpaka nifike mimi. Mzungu wa visima mwenyewe hukaa kwenye ngazi akinisubiri, maana ufunguo ninao mimi. Afya ni nzuri, ila baridi ya huku inaingia mpaka kwenye meno. Mama anaendeleaje? Uliposema amempa padre mgongo, hataki mpako wa wagonjwa mpaka amwone mdogo wetu Leonsi, ugali ulinishinda.

Basi nikueleze. Mzungu huyu kazi yake ni kutafuta maji, na kwa kuwa hafanyi jambo bila kuniuliza, Kiingereza cha kutafuta nimekimaliza chote. Wana "look for": hapo unahangaika tu, mkononi huna kitu. Wana "find": umekipata ulichokitaka. "Discover" ni kukuta jambo ambalo hukujua kama lipo. Na "come across" ni kukikuta kitu njiani, wewe una safari zako. Jioni akirudi na matope magotini namuuliza, "Find?" Anatikisa kichwa: "Look for tu, Kasiano."

Kwa mdogo wetu nilianza na "look for". Nilipanda Land Rover ya ofisi mpaka Msanzi, nimevaa kaptula iliyopigwa pasi na kofia yenye beji, ili wajue anayeuliza ni nani. Wakajua kupita kiasi. Balozi wa nyumba kumi akaitazama beji, akasema, "Leonsi? Hapa hatuna Leonsi, ndugu afisa."

Mama mmoja aliyekuwa anapepeta ulezi akadakia, "Labda alikufa."

"Alikufa zamani," akasema jirani yake. "Tena alikuwa mfupi."

Leonsi wetu, dada, anayeinama kwenye kila mlango. Hapo ndipo nilipo-"discover": walidhani nimetumwa kumkamata, nimrudishe kwenye kijiji kipya cha ujamaa alichokikataa serikali ilipobomoa nyumba yake. Kwa sababu ya kofia yangu walimficha.

Nikaondoka peke yangu kupanda vilima. Ukungu ukashuka, njia ikapotea. Mara Leonsi akasimama mbele yangu, shoka begani. Amekonda, anakohoa, kichwa kimejaa mvi.

"Kaka, nani kakutuma?"

"Mama. Hali yake si nzuri."

Akakaa kwenye majani mabichi. "Bado ananitaja?"

"Hamtaji mwingine."

Anakuja huko kwa miguu, kwa njia za porini, maana barabarani ataulizwa ametoka kijiji gani. Sijui nani atatangulia: yeye, barua hii, au lile tunaloliogopa. Mlazeni mama akiutazama mlango.

Msalimie shemeji na nyavu zake, na bibi mkunga anayemwogesha mama. Katekista amwombe padre asichoke kurudi.

Leonsi akifika atakusimulia, kwa hiyo bora nikuambie mwenyewe. Katika "find" yote hii aliyepatikana ni mimi. Nilikuwa nimekaa juu ya kichuguu, nimepotea, kofia mkononi, namlilia mama kwa Kifipa kwa sauti kubwa kama mtoto mdogo. Anasema alinifuata kwa kujificha tangu Msanzi, na kwa ile beji asingetoka kamwe. Alitoka aliposikia kilio.

Ni mimi, mjomba wa wanao,
Kasiano