Boga la Lukasi lenye jina la Veronika

Gloria we, uko wapi? Nacheka hadi machozi!

Lukasi, yule bingwa wetu wa bustani hapa Bulyaga, leo kaleta boga kwenye mnada wa mavuno kanisani. Kifua mbele, anatusimulia alivyolilea kwa mikono yake mwenyewe.

Mchungaji akaligeuza watu walione. Ubavuni lilichanjwa jina likiwa changa, likakua nalo: VERONIKA.

VERONIKA, Gloria! Jirani yake!

Lukasi, jasho linamtoka na baridi yote hii ya Tukuyu, akasema, "Hilo ni jina la mbegu."

La mbegu!!

Veronika akasimama, mpole kama malaika: "Basi nigawie na mimi hiyo mbegu, baba. Boga langu lilichumwa jana nikiwa kwenye mazoezi ya kwaya."