Magongo Yangu Jukwaani

Shoga, shika simu. Nina hasira!

Ile sehemu ya msichana wa magongo kwenye mchezo wetu, niliyonyimwa eti baridi yabisi yangu itanichosha? Kapewa yule mwenzetu Twiga, hilo unalijua. Sasa sikia la leo mazoezini.

Mwalimu wa maigizo kaniambia mbele ya watu wote, "Mwanangu, hebu mwazime mwenzio magongo yako." Magongo YANGU! Nikayatoa. Mimi huyu huyu!

Basi nimekaa kama furushi, Twiga anachechemea jukwaani huku analia. Mwalimu anapiga kelele, "Uchungu zaidi! Watu watoe machozi!" Hivi umewahi kuniona nikilia kwa sababu ya kutembea?

Halafu mkojo ukanibana.

Nikasema, "Mwalimu, naomba magongo yangu niende chooni." Akajibu, "Subiri tumalize onyesho." SUBIRI!

Nikainuka. Nikashikilia viti kimoja kimoja, magoti yanawaka moto, mpaka jukwaani. Twiga mwenyewe akanikabidhi magongo, macho chini: "Samahani, jamani."

Mwalimu akafoka, "Unatuharibia mchezo!" Nikamwambia, "Msichana wa magongo halii, mwalimu. Ana haraka zake." Nikaenda zangu chooni.

Sasa kasema nisikanyage mazoezini kesho bila kuomba radhi. Nitakwenda, lakini radhi simwombi mtu, ng'o! Naenda kuiomba ile sehemu upya. Kama hataki kunipa, aniambie mbele ya wote, nami nikimtazama usoni.